Kisanduku cha Pensheni

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Asubuhi 138/84.

Daftari hili kanipa muuguzi wa hapa Erdington, Birmingham, niandike presha ya mume wangu, asubuhi na jioni, maana yeye hawezi kukaa na kalamu zaidi ya kutia sahihi. Tangu Idarous apasuliwe mshipa wa moyo mwaka 2022 nimeshamaliza madaftari mawili ya namba tupu. La tatu hili nitaandika na maneno. Nina jambo na sina wa kumwambia.

Imekuja bahasha ya kahawia kutoka ofisi ya kodi, ina jina lake kamili. Mtu wa posta alipita saa nne, Idarous yuko njiani anarudi kupeleka watoto wa shule na gari lake, ndiyo kazi yake. Nimeizika ndani ya pipa la mchele.

Sijaifungua. Kodi ya nyumba hii najaza mie. Yeye analeta risiti za mafuta na gereji ndani ya kopo la biskuti, nami nakaa na kompyuta ya binti yetu Safiya, nikimaliza namwita aje abonyeze. Hasomi. Anasema, "Wewe ndiye unayejua, Mama Safiya," anabonyeza, anaomba chai. Kwa hiyo kama ndani ya bahasha kuna kosa, jina ni lake na mikono ni yangu.

Jioni 141/85.

Jumanne, 4 Novemba
137/83. 140/84. Mvua. Tumekula chapati, sikutaka kufungua pipa.

Jumatano, 5 Novemba
140/84. Chapati tena. Idarous kauliza kama mchele umekwisha dunia nzima au kwetu tu. Fataki za sikukuu ya Waingereza tangu magharibi, kila moja nashtuka. Jioni 143/86.

Alhamisi, 6 Novemba
139/84.

Nimeifungua. Nilikaa kwenye ngazi na koti langu mwilini, sijui kwa nini nilivaa koti.

Wanataka kukagua fomu yake ya mwaka ulioishia Aprili 2024, na wanauliza kisanduku kimoja tu, cha pensheni. Nani alilipa, pensheni ni ya nani, na taarifa za benki za kuthibitisha. Majibu yafike si zaidi ya tarehe 10 Desemba. Chini kuna aya ndogo inayosema kama maelezo si sahihi kutakuwa na kodi ya kulipa, riba, na pengine faini. Hiyo aya nimeisoma mpaka herufi zikaanza kucheza.

Pensheni yenyewe ni yangu. Idarous alitoka hospitali Agosti ile, hata nguvu za kufunga vifungo hana, na mwezi uliofuata akaniambia, "Nimekufungulia pensheni," kwa sauti ya mtu anayesema kanunua mkate. Mie sina mshahara tangu mgongo ulipoharibika kwenye kazi ya usafi. Kila tarehe kumi na tano anatia pauni 240 kwa jina langu, na serikali inaongeza sitini. Nilidhani ni woga wa mgonjwa, utapita. Haukupita.

Basi nilipofika kwenye fomu nikaona kisanduku cha malipo ya pensheni, nikajiuliza, aliyetoa ni nani? Idarous. Fomu ni ya nani? Idarous. Nikaandika 2,880. Kodi ikashuka kwa pauni 576, nikajiona mjanja. Mwaka wa kabla yake pia niliandika, miezi saba, ikashuka 336. Tukanunua mashine ya kufulia, na nikamwambia Idarous ni baraka.

Jioni 144/88.

Jumanne, 11 Novemba
142/86.

Nimekwenda Sparkhill kwa Hibo, mabasi mawili na kichwa kinanigonga njia nzima. Hibo ni rafiki yangu wa miaka kumi na minne, Msomali aliyelelewa Eastleigh, Nairobi, anauza mabuibui Stratford Road. Siku zote nimemwona mtu asiyeogopa kitu. Aliwahi kumfukuza mwenye nyumba wake kwa mwiko.

Akaisoma barua kwa kuipitisha macho tu, akanirudishia. "Kwani wewe ndio wa kwanza? Hii ni mambo ya kawaida. Sema ni accountant alikosea. Sema amerudi kwao, hapatikani kwa simu."

"Sina accountant, Hibo. Ni mie."

"Sasa wao watajua aje?" Akanimiminia chai. Halafu akaanza kunihadithia dereva mmoja aliyekaguliwa, kodi ikazaa kodi, mwisho leseni ya gari ikaenda, mwisho mtu mwenyewe akalazwa. Alitaka kunionyesha kwamba uongo ni dawa. Mie nilichosikia ni "akalazwa".

Idarous akinyang'anywa leseni, au akisikia tu neno kukaguliwa, moyo ule utahimili vipi? Daktari alisema asipate mshtuko. Alisema nikiwapo, akaniangalia mie.

Jioni 145/88.

Jumapili, 16 Novemba
140/85. Nimehamisha bahasha. Wali ulikuwa na harufu ya karatasi, au mie ndiye niliyeisikia. Sasa iko ndani ya mashine ya presha, kwenye mfuko wake wa zipu. Hakuna mwingine anayeugusa.

Alhamisi, 20 Novemba
146/88. Barafu kwenye kioo cha gari, Idarous kaikwangua mwenyewe na nilimkataza.

Kuna ukumbi karibu na High Street wanasaidia watu na barua kila Alhamisi. Nikaenda. Mezani alikaa mama wa Kipunjabi, nywele kazifunga kwa nyuma, kitambulisho kimeandikwa Kamaljit. Alikuwa anamwambia kijana mmoja, "Ulijua, hukujua?" Kijana anajikuna shingo. "Nakuuliza swali jepesi. Ulijua?"

Nikageuka mlangoni. Nilitembea mpaka stesheni, nikakaa nikaangalia treni tatu zikipita.

Ijumaa, 21 Novemba
144/87. 147/89.

Jumanne, 25 Novemba
145/88.

Hibo kaniita, nikadhani kapata njia. Akafunga mlango wa duka, akavuta droo ya chini ya kaunta. Bahasha sita za kahawia, hazijafunguliwa hata moja. Ya mwanzo ina muhuri wa mwaka juzi.

"Nisomee," akasema. "Wewe tayari umezoea."

Nikamwangalia huyu mwanamke wa mwiko, kucha zake kazitafuna. Sikuwa na nguvu ya kumsomea hata moja, nami nilimwambia hivyo. Akasema sawa, akairudisha droo kwa goti. Nimerudi nyumbani na khofu mbili, yangu na yake. Lakini simwonei tena wivu.

Jumatatu, 1 Desemba
148/90. Siku tisa zimebaki. Idarous kaniuliza kwa nini simwambii tena namba zake. Nikasema nzuri.

Alhamisi, 4 Desemba
147/90.

Nimekaa mbele ya Kamaljit. Nilijiambia kama miguu itanigeuza tena nitajifunga kwenye kiti.

Kaisoma barua yote, mpaka aya ndogo, kidole chini ya mstari. Anazungumza Kiingereza cha polepole cha Birmingham. Akaniuliza, "Ulijua?" Nikasema sikujua. Akasema, "Vizuri," akavuta karatasi akanichorea nyumba mbili, moja ya Idarous, moja yangu, na mshale katikati.

Akanieleza hivi. Pesa ikishaingia kwenye pensheni ya mke, sheria inahesabu kwamba katoa mke. Haijalishi imetoka mfuko wa nani. Mume hawezi kuidai kwenye fomu yake. Na msamaha wa kodi nilikwisha upata, ndizo zile sitini za kila mwezi. Mie nilidai mara ya pili, kwa jina la mtu mwingine.

"Kuna miaka mingine?" akauliza.

Nikasema barua imeuliza mwaka mmoja.

Akaweka kalamu chini. "Wao wameuliza mmoja. Wewe unajua miwili."

Nilianza kulia kama mjinga, palepale, watu foleni nyuma yangu. Yeye hakunipapasa wala hakuniambia yatakwisha. Alinisogezea boksi la tishu, akaendelea kuandika orodha ya vitu vya kuleta, na nikaona mwandiko wake mkubwa, wa kunisaidia nisome. Taarifa za benki. Taarifa za kampuni ya pensheni. Barua yenye sahihi ya mume.

"Lazima asaini yeye?"

"Fomu ni yake, mama. Hajui?"

Jioni 149/91.

Jumapili, 7 Desemba
146/89. Baada ya chakula Idarous kalala kwenye kochi. Nimechukua simu yake, namba ya siri ni mwaka aliozaliwa Safiya. Sijawahi kufanya hivi miaka ishirini na saba ya ndoa. Nikafungua benki, nikatuma taarifa zote kwa Safiya azichape chuoni, na sikusoma hata mstari, nilikuwa namwangalia kifua kinavyopanda na kushuka.

Jumatatu, 8 Desemba
148/90.

Safiya kaja na karatasi saa tisa, kavua viatu, kakaa kwenye meza ya jikoni. Ana miaka ishirini na mbili, Kiswahili anakielewa chote na anajibu kwa Kiingereza.

"Mum, why is Dad paying you mahari?"

"Nini?"

"Mahari. I thought that was, like, at the wedding."

Akanigeuzia ukurasa. Benki ukituma pesa unaandika neno la kumbukumbu. Tarehe 15 Septemba 2022, 240, MAHARI. Tarehe 15 Oktoba, 240, MAHARI. Kila mwezi, ukurasa kwa ukurasa, kwa herufi kubwa.

Nilikaa. Safiya akaniletea maji.

Nilipoolewa Unguja mwaka 1998, mahari yangu ilitajwa bangili sita za dhahabu, gramu arobaini kila moja. Baba yangu alikuwa mtu wa kupenda kutajwa. Idarous akatoa mbili, nne akasema ni deni, na kadhi akaandika hivyo. Zile mbili ninazo mkononi mpaka leo. Zile nne sikuwahi kuziuliza, na yeye hakuwahi kutaja. Nilidhani kasahau. Kusema kweli, miaka mingine nilimwona mdogo kwa hilo, nilipokuwa napiga deki korido za watu.

Na mie ndiye niliyechukua mahari yangu, nikaipeleka ofisi ya kodi nikaifanya punguzo lake.

Jioni 150/92. Kesho namwambia. Naogopa kuliko siku ile ya hospitali, maana siku ile sikuwa mie niliyemtia hatarini.

Jumanne, 9 Desemba
Asubuhi 146/88.

Kaja saa kumi na moja, kavua kofia, kauliza chai. Nikamwambia akae kwanza. Nikamfunga mkanda wa presha kabla sijafungua mdomo. 144/87. Nikauacha palepale mkononi mwake, nikatoa bahasha kwenye mfuko wa mashine.

"Baba Safiya, kuna barua. Imekuja mwezi uliopita na nimekuficha."

Nikamweleza yote. Kisanduku, miaka miwili, Hibo, Kamaljit na nyumba zake mbili. Nilizungumza nikiitazama mashine. Nilipofika kwenye taarifa za benki nikasema, "Na nimeona neno uliloandika."

Akayafumba macho. Nikabonyeza kitufe, mkanda ukajaa. 158/95. Nikaanza kumsomea dua kimyakimya.

"Walipunguza kiasi gani?" akauliza.

"Mia tisa na kumi na mbili, miaka miwili."

"Na hizo pesa tulifanyia nini?"

"Mashine ya kufulia."

Akageuka akaitazama mashine pale pembeni. "Basi mahari yako niliyokupa nimeirudisha, nafulia soksi."

Sikujua nicheke au nife. Nikamuuliza, leseni je, kukaguliwa je, haogopi?

"Kodi tutalipa," akasema. "Mie kule hospitali daktari ananiambia nihesabu pumzi, mie nahesabu bangili. Nne. Nikasema nikifa hapa nakufa na deni la mwanamke aliyenipigia deki mji mzima. Hilo ndilo ninaloliogopa, Mwatima. Mpaka leo."

Ananiita kwa jina mara moja kwa mwaka.

"Kwa nini hukununua bangili basi, ukanipa?"

"Ungeziuza. Simu ingepigwa kutoka Unguja, fulani anaumwa, paa limevuja, ungeziuza wiki hiyohiyo. Nikamuuliza mtu wa pensheni, akasema hii hutaigusa mpaka ufike miaka hamsini na saba. Nikasema hapohapo. Na akasema kwa mke asiye na mshahara, 240 kwa mwezi ndiyo mwisho wa kutia, ndiyo maana naenda polepole."

"Nimekusamehe," nikamwambia. "Zilizobaki zote. Mbele ya Mungu."

Akauvuta mkanda akautoa mwenyewe, kwa hasira. "Sikukuomba. Unanisamehe kwa sababu unaogopa nitakufa. Hiyo si radhi, hiyo ni khofu. Niache nilipe."

Akatia sahihi. Mara ya kwanza nimemwona anasoma kitu kabla ya kusaini, akifuata mistari kwa kidole. Chai yake ilikwisha poa na akainywa hivyohivyo.

Jumatano, 10 Desemba
151/92. Kamaljit siku yake ni Alhamisi, lakini alinifungulia. Tumetuma kwa kompyuta yake, miaka miwili yote, na karatasi inayosema mahari ni nini kwa mistari mitatu. Aliuliza, "Ni zawadi?" Nikasema si zawadi, ni haki yangu. Akaandika "ni mali ya mke", akasema hata sheria yao inasema hivyo. Naye nusura atabasamu.

Jumatatu, 22 Desemba
149/90. Hakuna jibu. Kila kitundu cha barua mlangoni kinapolia nakaa chini.

Alhamisi, 1 Januari 2026
155/93. Daktari kaongeza kidonge. Mie masikio yananivuma, labda ni boila ya kupashia nyumba moto.

Jumanne, 6 Januari
152/92.

Theluji. Watoto huwa anawashusha saa tisa na nusu. Saa kumi na moja hajarudi. Simu inaita, haipokelewi. Kumi na mbili hajarudi. Nikapiga mara kumi na saba, Safiya kazihesabu. Nilikwisha muona kalalia usukani pembeni mwa barabara, taa zinawaka, watu wanapita. Nilijua kabisa kwamba ndiyo hiyo, na kwamba ni barua yangu.

Saa moja kasoro akaingia na theluji begani. Nilimpiga kwa kitambaa cha jikoni, kwa nguvu.

Alikuwa Stratford Road, kwa sonara. Kakaa foleni nyuma ya watu wa harusi, simu kaiacha garini.

"Nilipoanza niliuliza bei," akasema, bado anajikinga. "Hesabu ikaja miezi thelathini na mbili, nne zote nimalize. Mwezi wa nne mwaka jana nilimaliza. Nikarudi kuuliza, imepanda. Nikaendelea. Leo nimerudi, imepanda tena. Kwa bei ya leo nimelipa mbili na nusu."

"Lakini pesa za nne ulishatoa."

"Deni ni dhahabu, halikuwa pauni."

Jioni 150/91. Ya kwangu sijui.

Alhamisi, 15 Januari
147/89. Nimempeleka Hibo kwa Kamaljit na droo yake ndani ya mfuko wa duka. Zimefunguliwa tatu. Ya nne ilikuwa kuponi ya pizza.

Ijumaa, 23 Januari
144/86.

Imekuja. Nilisubiri mpaka Idarous arudi, sikuizika popote, niliiweka juu ya meza katikati kama sahani. Kaifungua yeye.

Tulipe zile 912 na riba kidogo. Faini wameisimamisha mwaka mmoja, kwa sharti fomu zijazwe sawasawa, na wameandika kwamba wamezingatia kuwa mwaka wa pili tuliutaja wenyewe. Hakuna neno la leseni. Hakuna aliyekuja mlangoni.

Nilidhani khofu itatoka mwilini hapohapo. Haikutoka. Imekaa tu bila kazi.

Ijumaa, 30 Januari
Asubuhi 137/83.

Fomu ya mwaka huu, kesho ndiyo mwisho. Nimejaza risiti za kopo la biskuti, kisha nikamwita, na safari hii akavuta kiti. Kasoma ukurasa kwa ukurasa. Imetuchukua asubuhi nzima. Tukafika.

"Hiki kisanduku cha nini?"

"Cha pensheni. Kinataka vitu ulivyotoa vikahesabiwa ni vyako."

"Basi kiache."

Nimekiacha tupu. Akabonyeza, na hakuomba chai.

Nikampima, 136/82, namba nzuri kuliko zote msimu huu. Nikamwonyesha, akacheka. Kisha akauvua mkanda, akanishika mkono, akazisukuma bangili zangu mbili chini kwenye kifundo, akanifunga mie. Nikamwambia aache mchezo. Akabonyeza. Tukakaa tunausikiliza unajaa.

Akaitazama namba. Akanyoosha mkono nimpe daftari.

Mwatima 168/101. Jumatatu nampeleka kwa daktari mimi mwenyewe. Bado bangili moja na nusu, asiende popote. Idarous.